Kosa la Mstari wa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa kwenye usaili! Kampuni inatengeneza programu za maduka ya dawa, ghorofa ya tatu, jengo lenye lifti. Wanatafuta kijana mmoja wa kuanza naye kazi, asiye na uzoefu wowote. Uzoefu wowote sina. Nafasi ni yangu.

Mama alifurahi, kisha akanikumbusha makubaliano yetu. Nikiikosa hii naenda dukani kwa Mjomba. Mjomba anauza magodoro. Msaidizi wake ameacha kazi, na kazi yenyewe ni kulala. Ndiyo, kulala! Dirishani, juu ya godoro, mchana kweupe, ili wapita njia waone jinsi linavyobonyea na kurudi. Mjomba anasema nina uzito unaofaa. Fulana ameshaagiza, rangi ya machungwa, kifuani imeandikwa NIAMSHE TUONGEE BEI. Mimi, mwenye cheti cha kuandika programu!

Jioni furaha ikaingia doa. Binamu naye ameitwa. Siku hiyohiyo, nafasi hiyohiyo. Huyu ni binti wa Shangazi, anaishi kwetu tangu tulipoanza chuo, na tumesoma darasa moja. Mimi humwita Kobe. Anaandika mstari mmoja, anaiendesha programu aone imefanya nini, anakuna sikio, ndipo anaandika wa pili. Mimi naandika ukurasa mzima kwa pumzi moja. Kweli, huwa haufanyi kazi. Lakini kasi ipo! Nampenda Kobe, ni damu yangu. Simwogopi hata kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipata siri zao zote! Fundi simu wa barabara ya pili alifanya usaili palepale mwezi jana, akachemsha, akarudi kwenye vioo vyake vilivyopasuka. Nilimnunulia soda. Nikamvika kilemba cha ukoka, kwamba hasara ni ya kampuni. Akamwaga kila kitu.

Swali lenyewe ni rahisi. Unapewa orodha ya majina ya dawa, unaandika programu ya kutaja zile zilizojirudia. Basi! Ila msaili ni mama mmoja mpole, na hatazami jibu peke yake. Anataka ufikirie kwa sauti. Useme unaona nini, unajaribu nini, umekosea wapi, umejirekebisha vipi. Fundi simu alitoa jibu sahihi bila kufungua mdomo, na hilo ndilo lililomponza. Yule mama alimwambia hawezi kumwajiri mtu ambaye mawazo yake hayasikiki, kwa sababu watakaa dawati moja.

Nilirudi nyumbani nikicheka njia nzima. Mjinga yeyote hukariri majibu. Mimi nitakariri kufikiri!

Jumamosi, 8 Machi

Mchezo umekamilika. Unaanza kwa kushusha pumzi. Mstari wa kwanza nasema, "Hebu tuone." Mstari wa pili nakuna kidevu. Mstari wa nne ndio utamu wenyewe: nakosea kwa makusudi! Naiacha programu ilinganishe kila dawa na yenyewe, hivyo kila dawa ionekane imejirudia. Naendelea kuandika bila wasiwasi. Mstari wa tisa nasimama ghafla. Najipiga paji la uso. "Aa! Kumbe!" Nafuta, narekebisha, natabasamu kwa unyenyekevu. Nani atamnyima kazi mtu wa namna hiyo?

Mazoezi tumefanyia jikoni, Mama akiwa msaili. Laptopu alikuwa nayo Kobe, kwa hiyo niliandika hewani kwa kidole. Mama hajui programu ni nini, lakini alikaa kitako na mwiko wake mkononi akanisikiliza kwa heshima zote. Nilipojipiga paji la uso na kutangaza kwamba sasa imekaa sawa, alishusha pumzi akasema afadhali, maana alishaanza kuogopa. Machozi yalimlengalenga!

Tukarudia. Safari hii nilipofika mstari wa nne Mama akanidaka mkono. Alinionya niwe mwangalifu, kwani hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nikamweleza kwamba ni lazima nikosee. Akauliza, kama najua ni kosa, kwa nini nisiliache. Watu wazima na teknolojia ni kazi kweli.

Jumapili, 9 Machi

Kobe kaja na ombi. Anataka kazi zangu za chuo. Anajizoeza kutafuta makosa kwenye programu za watu wengine, na anasema hajaona mahali penye makosa mengi na ya aina nyingi kama pale. Nilifarijika. Nikampa zote.

Amezisoma tangu asubuhi. Anacheka peke yake, anaendesha kipande kidogo, anakuna sikio. Akaja kuniuliza ile ya mwaka wa pili, ya kupanga zamu za walinzi, nilitaka ifanye nini hasa. Nikasema sikumbuki. Akasema hata yenyewe haikumbuki. Iliniuma! Lakini mchana ikafanya kazi. Mara ya kwanza tangu izaliwe. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaitazama ikipanga walinzi mmoja mmoja, kila mtu na usiku wake. Binti ana mkono mtamu, sikatai. Kinachomharibu ni ukobe.

Aliniomba tufanye mazoezi pamoja. Nikasema nina mambo mengi. Nikaenda bafuni kujipiga paji la uso mbele ya kioo. Sauti inategemea kiganja, usikikunje.

Jumatano, 12 Machi

Usaili ni kesho. Nikaona si vibaya kumsaidia Kobe kidogo. Nilimwambia kwa siri kwamba pale wanapenda kasi. Asiendeshe programu mpaka amalize kuandika yote. Na asiulize maswali, maana anayeuliza anaonekana hajui.

Alinitazama, akakuna sikio, akauliza kwa nini.

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema ndivyo ilivyo duniani. Akanishukuru. Kisha akaninyooshea shati langu la kesho bila kuombwa, akanifungia na tai kwa sababu mimi huifunga ikageuka fundo la kamba ya mbuzi. Nikajisikia vibaya. Ila kwa muda mfupi tu.

Alhamisi, 13 Machi

Acha niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Mimi niliitwa kwanza. Chumba kidogo, ukuta mmoja wa kioo, feni, jagi la maji, meza moja. Viti viwili viko upande mmoja! Msaili hakai mbele yako kukutolea macho. Anakaa kando yako, mnatazama laptopu pamoja. Ni mama mwenye mvi chache, miwani imening'inia kifuani, miguuni makubazi ya ngozi. Huyu anaongoza waandishi wote wa programu pale, na anatembea kama yuko sebuleni kwake. Nimempa jina Bi Makubazi.

Alianza kwa kusema hakuna mtego. Naweza kumuuliza chochote. Naweza kusoma maelezo ya lugha ya programu pale kwenye kompyuta, maana hata yeye hufanya hivyo kila siku. Hataki kujua nimekariri nini, anataka tufanye kazi pamoja kwa muda aone inakuwaje. Nikatikisa kichwa kwa hekima, kama mtu asiyewahi kukariri kitu.

Akatoa swali. Orodha ya dawa! Zilizojirudia! Nusura nimkumbatie.

Nikashusha pumzi. "Hebu tuone." Nikakuna kidevu. Kila kitu kikaenda kama tulivyofanya jikoni. Nikafika mstari wa nne, nikaliweka kosa langu taratibu, mahali pake.

Bi Makubazi akaegemea mbele. Akauliza kwa upole, hapo mstari wa nne, naanzia kulinganisha kutoka wapi?

Hilo halikuwepo kwenye mchezo! Nilitakiwa kuligundua mstari wa tisa! Nikamwomba asubiri kidogo. Nikamwambia, nakumbuka maneno yenyewe na natamani nisiyakumbuke, "Bado, mama, hilo nitaliona baadaye."

Akavaa miwani. Akasema sawa.

Mstari wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Wa tisa! Nikajipiga paji la uso kwa nguvu kiasi kwamba watu wa nje waligeuka. "Aa! Kumbe!" Nikafuta mstari wa nne kwa mbwembwe.

Ndipo nikagundua kitu. Jikoni nilikuwa nafuta hewani, nasema sasa imekaa sawa, Mama anasema afadhali. Mstari sahihi sijawahi kuuandika. Hata siku moja! Kosa nililijua kwa moyo. Sahihisho lake sikuwa nalo.

Nilitazama ile nafasi tupu. Nikatazama feni. Jasho likanitiririka mpaka kwenye tai. Nikauandika tena uleule wa zamani, kwa sababu ndio pekee niliokuwa nao.

Hapa ndipo namvulia kofia yule mama, na nitamvulia hata uzeeni. Hakucheka. Hakutazama saa. Aliuliza kama ningependa tuiweke kompyuta pembeni kidogo. Akatoa mfukoni vizibo vya chupa, vya rangi mbalimbali, akavipanga mezani. Hizi ndizo dawa zetu, akasema. Kidole changu cha kushoto kisimame juu ya dawa ya kwanza. Cha kulia kitembee kuitafutia pacha wake. Je, cha kulia kinaanzia wapi?

Nikakiweka palepale, juu ya kidole cha kushoto. Nikavitazama vidole vyangu viwili vimepandana juu ya kizibo kimoja chekundu. Ilikuwa inajilinganisha na yenyewe! Nilikuwa nayasema maneno hayo wiki nzima, lakini leo ndipo nilipoyaona. Nikasogeza kidole cha kulia kizibo kimoja mbele. Nikaandika hivyohivyo kwenye laptopu. Tukaendesha. Ikafanya kazi!

Halafu likatokea jambo ambalo hata mimi sikulitarajia. Nikamuuliza, na dawa ikijirudia mara tatu je? Sikuipanga hiyo, ilinitoka tu. Akasema hajui, tuone. Nikaongeza kizibo chekundu cha tatu. Nikatembeza vidole. Programu ingeitaja dawa ileile tena na tena! Kosa halisi, langu mwenyewe, na nimelikamata mwenyewe. Nikasema sina uhakika nifanyeje, labda tuwe na kikapu cha zile zilizokwisha kutajwa, kabla ya kutaja tuchungulie kikapuni kwanza. Akasema jaribu. Tulikuwa tumeinama wote wawili, vichwa vinakaribia kugongana, na sikuwa nafikiria kazi, wala godoro, wala Kobe. Nilikuwa na furaha tu. Sijawahi kuona mtu anakutazama ukikosea bila kukufanya ujione mdogo.

Kisha nikakumbuka kwamba niko kwenye usaili. Nikaogopa kwamba nimeutupa mchezo wangu njiani. Nikajirudi haraka, nikajipiga paji la uso, nikasema "Aa! Kumbe!" kwa kosa lililokwisha kurekebishwa.

Mwisho akauliza huwa nafanya nini nikikutana na kitu nisichokijua. Tai shingoni, kifua mbele, nikajibu kwamba hiyo huwa hainitokei.

Akaandika kitu kifupi. Akanishukuru, akanimiminia maji.

Zamu ya Kobe. Nilikaa kwenye benchi nje ya ukuta wa kioo, nikijifanya nasoma maelekezo ya kizima moto. Masikini Kobe! Alipewa swali jingine, programu ndefu iliyoharibika. Akaanza kwa kusoma tu. Akatikisa kichwa. Akauliza kitu. Akaendesha kipande. Akakuna sikio. Akatikisa kichwa tena. Akafungua maelezo, akasoma, akauliza. Kuna wakati wote wawili waliitumbulia macho laptopu kama watu waliopotea njia. Halafu wakacheka. Namjua Kobe, akicheka hivyo ujue amezidiwa.

Nyumbani akasimulia bila haya kwamba aliulizwa mambo kadhaa akajibu hajui. Alimwambia hivyo Bi Makubazi, usoni! Kisha akamwonyesha angeanzia wapi kutafuta. Na kosa lenyewe hakulimaliza lote, alifikia nusu, akaeleza nusu iliyobaki anaishuku wapi. Nikamvuta Mama pembeni nikamwambia amwandalie maneno ya faraja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Kobe kwamba asikate tamaa, mimi nikishakaa vizuri pale nitamwombea nafasi. Akasema ahsante, kaka. Anachezea vizibo vya chupa mezani. Kumbe baada ya kunisikia nikisimulia vile vizibo vyangu ameijaribu ile programu yangu ya walinzi kwa vizibo. Amepata kosa jingine.

Jumanne, 18 Machi

Kobe amepata kazi.

Nilikuwa chumbani niliposikia Mama anapiga vigelegele. Nikatoka mbio nikidhani ni vyangu.

Nikiri hapa, ambapo hakuna anayesoma: nilienda kukaa bafuni. Nikawasha maji ili nisisikike. Halafu simu yangu ikaita. Bi Makubazi mwenyewe! Nani huwapigia walioshindwa? Nimeshakosa kazi nyingi, na waajiri hao wote hawajawahi hata kuniambia kwamba nimezikosa. Huyu alipiga, akauliza kwanza kama nina nafasi ya kuongea. Nikafunga maji.

Aliniambia bila kuzunguka. Wakati wa vizibo nilikuwa mtu ambaye angependa kukaa naye dawati moja. Niliuliza, nilikiri kwamba sina uhakika, nikajaribu, nikakamata kosa ambalo wengi hawalioni. Huo muda mwingine wote hakujua anaongea na nani. Kompyuta kukataa ni jambo la kila siku pale, akasema, kwa hiyo haogopi mtu asiyejua. Anaogopa mtu anayeficha. Kosa likifichwa kwenye programu ya duka la dawa, kuna mgonjwa atakayeondoka na dawa isiyo yake. Mwezi wa sita wanachukua vijana wa mafunzo kazini. Nirudi. Ila nije mimi mwenyewe.

Nikamshukuru mpaka sauti ikakatika. Nililia kidogo, sasa kwa raha. Nikatoka, nikamkumbatia Kobe. Nilimwambia anastahili, na nilimaanisha kila neno. Alifanya kazi pale kama anavyofanya hapa nyumbani, na ndiyo maana walimwona. Naye akasema kila Jumapili tukae pamoja, atanitafutia programu zilizoharibika, tuzitengeneze taratibu. Huyu ndugu yangu ana roho ya peke yake.

Jioni Mjomba akaleta fulana.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya kwanza dirishani. Godoro ni zuri. Watoto wa shule waligonga kioo. Fundi simu alipita, akasoma kifua changu, akaniamsha, akauliza bei, akaondoka bila kununua.

Ukilala chali una muda wa kufikiri. Nimekuwa nikiyageuza maneno ya Bi Makubazi kichwani siku nzima. Alisema nirudi. Alisema kilichomvutia. Yaani, ukiangalia vizuri, amenipa majibu!

Jumamosi, 29 Machi

Mpango umeiva! Ajabu sikuuona mapema. Tatizo la mchezo wa kwanza halikuwa mchezo. Tatizo nilikariri kujua, wakati pale wanapenda kutojua!

Nimemchunguza Kobe wiki nzima akiniambia hajui hiki na kile. Anasema "sijui" kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye kioo cha laptopu, kisha anapumzika kidogo, kisha anasema "lakini naweza kutazama." Na sikio analokuna ni la kulia, hilo ni muhimu. Mchezo mpya una "sijui" mstari wa pili, wa sita na wa tisa, na "sina uhakika" mbili za akiba. Nimekusanya vizibo mfuko mzima. Swali lolote likija, navimwaga mezani. Kobe ameniita kesho tutengeneze programu fulani ya kweli. Nikamwambia nina mazoezi.

Mama alikuja dukani mchana kuniletea chakula. Akaketi ukingoni mwa godoro, nami nikafanya mchezo wote nikiwa nimelala, vizibo juu ya tumbo. Anajifunza haraka siku hizi. Nilipofika mstari wa sita akanigusa mguu akaninong'oneza, "Hapo, mwanangu, hapo ndipo hujui." Watu wawili walisimama nje ya kioo kututazama. Mjomba amefurahi sana.

Tulipomaliza Mama akauliza itakuwaje wakiniuliza kitu ambacho kweli nakijua.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimejiandaa vizuri, hilo haliwezi kutokea.